Mjumbe Aliyekuja na Viazi Vyake

Nilipewa kazi Nyeri kwa sababu sikuwa mtu wa Nyeri. Jambo hilo nililielewa tangu siku ya kwanza, na badala ya kuona haya nikavimba kichwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, vijiji vipya vikiwa vimekwisha kuzungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, na serikali haikumwamini Mgikuyu ashike hata ufunguo wa kabati. Kwa hiyo makarani walitolewa kwetu magharibi, wengine Ukambani, na askari vilevile. Mimi nikawa karani wa kamati ya viwanja vya soko katika baraza la wilaya. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza faili na kunyamaza.

Kunyamaza nilijifunza. Kushuku nilizaliwa nako. Mke wangu, aliyebaki nyumbani na watoto, alikuwa akinitania kwamba nikipewa zawadi huipindua kwanza nione kama imetoboka chini. Basi Nyeri ya siku zile ilinifaa sana. Mtu akikusalimu kwa furaha ulijiuliza anataka nini, na asipokusalimu ulijiuliza amesikia nini. Dukani watu walinyamaza ukiingia. Kanisani watu walihesabu nani hakuja. Mimi nilijiona nimefika mahali ambapo kasoro yangu ni kipaji.

Kamati ilikuwa na wazee watano. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, mwenye maduka mawili na koti kubwa la mvua la kijeshi alilopewa na ofisa fulani. Nyuma ya kiti chake, ukutani, bwana shauri, yule ofisa Mwingereza aliyesimamia tarafa, alikuwa amepigilia waraka wa kurasa mbili: wajumbe wa baraza wawe waaminifu, wasipendelee jamaa zao, wasipokee zawadi kutoka kwa mwenye shauri mbele yao. Msumari ulioshika waraka huo ndio mwenyekiti aliotundikia koti lake. Na kwa kuwa Nyeri ni baridi, na koti lilivuliwa kila mkutano, mimi nilifanya kazi pale miezi mingi kabla sijausoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho.

Mkutano wa kwanza niliouandika ulikuwa wa kuchosha. Wazee walizungumza Kigikuyu, lugha niliyokuwa bado naibabaisha, na mwenyekiti akanifasiria kwa kifupi. Mzee mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya sufu iliyofifia rangi, alisimama akasema kwa muda mrefu, polepole, akielekeza kidole mlangoni kisha mezani. Wenzake wakacheka. Mmoja akapiga goti lake kwa kucheka. Nikamtazama mwenyekiti, kalamu mkononi.

"Ni maneno ya chakula tu," akaniambia. "Andika chakula."

Nikaandika chakula. Njaa ilikuwa inaniuma na mimi, nikafikiri mzee anadai posho ya safari, kama wajumbe wote duniani. Nikageuza ukurasa.

Lazima nieleze hapa jambo la kula, kwa sababu ndilo lililotutia sisi sote matatani. Zamani, wazee wa pale walipoketi kuamua shauri la ardhi au la mpaka, mwenye shauri alitoa mbuzi. Mbuzi huyo hakuwa hongo. Alikuwa sehemu ya kikao, na kila mzee alijua kipande chake, na shauri ambalo halikuliwa lilihesabiwa kama halijaisha. Sasa Hali ya Hatari ilipoingia, mbuzi akawa jina baya. Watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, walikuwa wakila kiapo cha vita kwa nyama ya mbuzi, au ndivyo tulivyoambiwa, na bwana shauri alipoona wazee wamezunguka mzoga alianza kuuliza majina. Wazee wakaacha mbuzi. Chai ya maziwa, mkate na nyama ya kuchoma kutoka buchani vikashika nafasi yake. Kamati ilipofika sokoni kukagua viwanja, kila mwombaji aliandaa meza. Tulikula kwa mwombaji wa kwanza, tukala kwa wa pili, na kufikia wa tatu mwenyekiti alikuwa amefungua kifungo cha suruali.

Yule mzee wa kofia ya sufu hakula. Hakula kwa mtu yeyote. Tukikaribishwa, aliingia, akasalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Asante, mimi niko na chakula yangu," akatoka nje. Huko nje alikaa juu ya jiwe au kisiki, akatoa mfukoni viazi vitamu viwili vilivyochemshwa, baridi, vimefungwa katika kipande cha jani la mgomba, akavila na chumvi. Maji alibeba katika chupa iliyowahi kuwa ya dawa. Nilimwona akifanya hivyo Nyeri, nikamwona Mukurweini, nikamwona siku ya mvua akila viazi chini ya paa la choo cha soko wakati sisi tuko ndani tunanusa nyama.

Mtu mwingine angesema huyu mzee ana tumbo baya. Mimi nilikuwa mtu wa kushuku, na sikuwa peke yangu. Katika nchi ile, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usoni kwamba unamdhania mchawi. Wenzake walikasirika. Mmoja alisema mzee anaogopa sumu, maana yake ana maadui, na mtu hapati maadui bure siku hizi. Dereva wetu wa landrova, Mkamba, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayekataa nyama ya mchana huenda ameshiba ya mahali pengine. Hayo maneno yaliniingia. Nikaanza kumwangalia mzee kama paka anavyoangalia shimo.

Ndipo likaja shauri la Gakindu.

Soko la Gakindu lilikuwa limefungwa kwa muda mrefu, adhabu ya watu wa eneo lile kwa jambo lililotokea barabarani. Sasa linafunguliwa, na viwanja vinagawiwa upya. Kiwanja kimoja tu ndicho kilichokuwa na ugomvi. Kilikuwa cha pembeni, pale barabara ya kahawa inapoingia sokoni, na juu yake kulikuwa na hoteli ndogo ya chai, msingi wa mawe, kuta za mbao, paa la mabati. Aliyeijenga ni mama mmoja ambaye mumewe alikuwa kambini, amefungwa bila kushtakiwa kama maelfu ya wenzake. Tangu soko lifungwe alikuwa akichimba handaki na kulima barabara na wanawake wenzake kwa kulazimishwa, na watoto wake wanne walikuwa wakila alichobakiza. Hoteli ile ndiyo iliyokuwa riziki yake yote. Akiipata ataishi, akiikosa hana kitu, na hilo lilijulikana na kila mtu aliyekuwa mezani, mimi nikiwemo.

Aliyekitaka kiwanja hicho ni shemeji wa mwenyekiti, ndugu wa mkewe.

Mwenyekiti hakuficha kitu. Alisema mke wa mfungwa hana cheti cha uaminifu, kile walichopewa walioonekana hawana kiapo, na asiye na cheti hawezi kupewa kiwanja, basi. Wawili wakakubaliana naye, ingawa mmoja wao alikuwa akitazama mikono yake. Yule mzee wa viazi akasimama. Safari hii Kigikuyu changu kilikuwa kimekomaa kidogo, na isitoshe aliamua kusema Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Hii kiwanja haiko ya mume," alisema. "Mimi nilikuwa hapo siku ya kupima. Jina yenye iliandikwa ni ya mama. Mama hajafungwa. Nani amemuuliza kitu? Na wewe mwenyekiti, huyu anaomba ni shemeji yako. Toka nje kidogo. Tukimaliza tutakuita."

"Nitoke kwa kiti yangu?" Mwenyekiti alicheka, akatutazama mmoja mmoja tucheke naye. Mimi nilicheka. Sijui kwa nini nakumbuka hilo vizuri kuliko mambo mengi makubwa.

Mjumbe aliyekuwa akitazama mikono yake akasema labda mzee ana neno. Ikaamuliwa twende kwanza tukakague, na kura ipigwe mkutano unaofuata. Kwa hesabu yangu, pamoja na yule wa tano ambaye hakuwa amesema neno, mzee alikuwa na kura tatu kati ya tano. Mama yule alikuwa anapata kiwanja chake.

Tulikwenda Gakindu asubuhi ya jua. Shemeji alikuwa ametandika meza chini ya turubai, kitambaa cheupe juu yake, na kuna mkate wa siagi, mayai, nyama, chai nzito. Tulikula. Mzee alishukuru, akaenda kwenye jiwe lake. Kisha tukavuka barabara kumwona mama. Alikuwa ametandika gunia safi mbele ya mlango wa hoteli yake iliyofungwa kwa ubao wa serikali, na juu ya gunia ameweka kibuyu cha uji na vikombe vya bati vilivyosuguliwa hadi vinang'aa.

"Mmetoka mbali," akasema. "Kunyweni uji kidogo. Mkate mimi sina."

Wenzetu walikuwa wameshiba, wakagusa vikombe kwa midomo kwa adabu. Mama akamjazia mzee, akamnyoshea kwa mikono miwili. Walikuwa majirani, nyumba zao katika kijiji kipya zilitenganishwa na njia tu. Mzee akatikisa kichwa.

"Asante sana, mama. Niko na yangu."

Nilimwona mama akisimama na kile kikombe, hajui akiweke wapi. Nilimwona mzee akirudi kwenye jiwe, akimenya kiazi chake cha pili bila kututazama. Niliona yote mawili. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu nitaulizwa.

Wiki ile mwenyekiti alipita ofisini kwangu peke yake. Hapa nitaje maziwa. Tangu nifike Nyeri, kila asubuhi chupa ya maziwa ililetwa kwenye chumba changu kutoka nyumbani kwa mwenyekiti. Nilikuwa mgeni, niko mbali na mke, na yeye ana ng'ombe. Nikaona ni ukarimu. Mimi, niliyepindua kila zawadi nione kama imetoboka, maziwa yale niliyanywa mwaka mzima bila kuyapindua. Yalikuwa matamu, na chai ya ofisini ilikuwa maji matupu.

"Karani," akasema, akikalia ukingo wa meza yangu, "wewe ni mtu wa mbali. Wewe unaona vizuri kuliko sisi. Hii mzee hakuli na watu. Ati kwa nini?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Hata mimi sijui. Nauliza tu." Akaondoka, akaniachia swali lake juu ya meza.

Siku mbili baadaye bwana shauri aliniita. Alikuwa kijana, mdogo kwangu, uso umeungua kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Alitaka barua ya siri juu ya tabia ya kila mjumbe. "Wewe si mtu ya hapa," akasema. "Hakuna ndugu ya wewe hapa. Andika kila kitu wewe naona." Nilitoka nimejaa fahari. Hatimaye mtu mkubwa alikuwa amekiona kipaji changu.

Niliandika barua ile mchana mmoja, kwa mashine, bila kufuta neno. Ilikuwa barua nzuri. Nilikuwa na mkono wa kuandika na bado ninao. Niliandika kwamba mjumbe fulani kwa mwaka mzima amekataa kula na wenzake. Kwamba huenda peke yake na chakula alichokifunga mwenyewe. Kwamba huko Gakindu alikataa meza ya mtu mtiifu kwa serikali mbele ya watu, na kwamba anamtetea kwa ukali mke wa mfungwa ambaye ni jirani yake. Sikuandika kwamba ni mla kiapo. Sikuhitaji. Nilipanga mambo tu, moja baada ya jingine, na mwenye kusoma angefika mwenyewe.

Nilipofika kwenye kikombe cha uji, vidole vyangu vilisimama juu ya mashine. Nilikumbuka vizuri jinsi alivyokikataa. Kama ningekiandika, barua ingeharibika, maana mtu anayekataa chakula cha watiifu na chakula cha mke wa mfungwa vilevile ni mtu wa namna gani? Barua ilikuwa inakwenda vizuri. Nikaruka.

Mzee alitolewa katika kamati kabla ya kura. Cheti chake cha uaminifu kikachukuliwa ili kichunguzwe, na bila cheti hakuruhusiwa kutoka Gakindu hata kwenda Nyeri hospitali. Nafasi yake akapewa mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa vijiji waliopewa silaha na serikali, mtu aliyekuja mkutanoni na bunduki na kuilaza juu ya meza karibu na wino wangu. Yule mjumbe wa kutazama mikono aliitazama bunduki, akapiga kura na mwenyekiti. Kiwanja kikaenda kwa shemeji, na hoteli iliyo juu yake, msingi, mbao na mabati. Niliandika: imekubaliwa na wote.

Hoteli ilifunguliwa baada ya miezi miwili. Kamati ilialikwa. Kulikuwa na rangi mpya ya kijani mlangoni na kalenda ukutani, lakini meko yalikuwa yaleyale aliyoyajenga mama kwa udongo, na rafu zilezile. Nilipewa kiti kizuri. Nilikula mandazi mawili, kisha nikasikia joto, au nilijiambia ni joto, nikatoka nje kupunga hewa.

Upande wa pili wa barabara, juu ya gunia lilelile, mama alikuwa ameketi akiuza uji kwa wachukuzi wa kahawa. Na karibu naye, juu ya jiwe, alikuwa yule mzee, kofia yake ya sufu kichwani, na mikononi mwake kikombe cha bati. Alikuwa akinywa. Alikunywa kwa mikono miwili, macho yamefumba nusu kwa utamu, kisha akapangusa ndevu na kumnyoshea mama kikombe amwongezee.

Sijawahi kushtuka vile kwa kumwona mtu akinywa uji. Nilivuka barabara. Nilikuwa na hasira, na haikuwa na haki yoyote ya kuwapo, lakini ilikuwapo.

"Mzee," nikasema, "leo unakula kwa watu?"

Akaniangalia bila chuki, kama mtu anavyoiangalia mvua.

"Sasa mimi si mjumbe," akasema. "Sina shauri ya mtu kwa mkono. Naweza kunywa. Mwaka mzima nimenusa hii uji tu."

"Kwa nini hukusema hivyo wakati ule?"

"Nilisema. Siku ya kwanza. Nilisimama nikasema, wale wako na shauri kwetu, tusikule kwao mpaka shauri iishe, hata maji. Nikasema tuweke hiyo kama sheria ya kamati. Wakacheka." Akanywa kidogo. "Si wewe ndiye ulikuwa na kalamu?"

Nilisimama pale, jua kichwani. Nilikumbuka kidole chake kikielekeza mlangoni, kisha mezani. Nilikumbuka kicheko. Nilisikia uso wangu unawaka, na kwa kuwa sikujua la kufanya nilifanya jambo la kipumbavu: niliinama, nikachukua kikombe tupu juu ya gunia, nikamnyoshea mama.

"Nipe na mimi," nikasema. "Nitanunua kama wengine."

Mama alikichukua kikombe kutoka mkononi mwangu taratibu, akakifutafuta kwa leso, akakirudisha mahali pake.

"Hapana, bwana karani. Wewe siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Niko na barua kwa ofisi yako. Ya kukata rufaa. Mwalimu aliniandikia, mwezi mzima sasa. Nikikupa uji leo, kesho watasema nimekuhonga." Hakuwa na ukali hata kidogo. Alikuwa ananieleza kama mtu anavyomweleza mgeni njia. "Barua ikiisha, kuja. Nitakupa bure."

Nilirudi Nyeri kwenye landrova nyuma, kati ya wazee walioshiba wanaosinzia. Niliijua ile barua. Ilifika na mhuri wa kijiji, nikaona jina, nikajiambia wake wa wafungwa wana maneno mengi, nikaiweka kwenye trei ya kungoja. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiweka juu yake kikombe changu cha chai. Nilipoitoa, bahasha ilikuwa na miduara ya maziwa, mmoja juu ya mwingine, siku baada ya siku. Ndani hakukuwa na matusi wala machozi. Aliandika kwamba kiwanja kilipimwa kwa jina lake, kwamba hakuna aliyemwita kumuuliza, na kwamba anaomba aulizwe.

Kisha nikafungua faili ya kumbukumbu, nikarudi hadi mkutano wa kwanza. Ilikuwepo, kwa mwandiko wangu mzuri: Mjumbe mmoja alizungumza juu ya chakula. Hoja haikuungwa mkono. Mstari mmoja. Chini yake sahihi ya mwenyekiti na yangu.

Nitasema mapema mambo yalivyoisha, ili msomaji asingoje bure. Rufaa ilipanda hadi kwa mkuu wa wilaya pamoja na karatasi nilizoambatanisha, na karibu mwaka mzima ukapita, na mama akaitwa, akaulizwa, akarudishiwa kiwanja chake. Mabati hayakurudi, shemeji aliyang'oa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Mzee alirudishiwa cheti, lakini kiti cha kamati hakurudishiwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa Doldol, kuandika ng'ombe wanaoingia mnadani, mahali ambapo hata Kiswahili changu kilikuwa cha ugeni. Sikupata kurudi Gakindu kuunywa ule uji, na ninalijutia hilo hadi leo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ninayoikumbuka mimi ni ya mkutano uliofuata ufunguzi wa hoteli. Asubuhi ile nilikuwa nimeirudisha chupa ya maziwa mlangoni, imejaa. Nilikuwa nimeweka rufaa ya mama juu ya ajenda, jambo la kwanza, na chini yake barua ya pili kwa bwana shauri, ambamo niliandika kikombe cha uji nilichokiruka na maana ya ule mstari wa chakula. Niliisoma kwa sauti mbele yao. Mwenyekiti hakucheka. Koti lake lilikuwa kwenye msumari wake.

"Karani," akasema, "wewe umekula nini kwa huyo mama huko Gakindu?"

"Kwa mama sikupewa kitu," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Chai ikaletwa, kama kawaida, kutoka dukani kwa mwenyekiti. Vikombe vikazunguka meza. Changu kilipofika nilikisukuma polepole hadi katikati, karibu na bunduki.

Yule mjumbe wa kutazama mikono aliinua macho akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Mkubwa wa homgadi akaegemea mbele.

"Leo hunywi?" akauliza.

"Sinywi."

Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kijitabu na kipande cha penseli, akalowesha ncha kwa ulimi. Akaanza kuandika, taratibu, kwa herufi kubwakubwa, huku akinitupia jicho kila baada ya neno. Nilitaka kumwambia aandike pia kwamba uji wa yule mama nao sikuunywa. Lakini nilijua, kuliko mtu yeyote mle chumbani, kwamba hapo ndipo ataruka.